Kuku wa Amerika

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Safi, mjukuu wangu na mke wangu mdogo wa utani,

Asalam aleikum. Juzi Bienvenu, huyu anayetubebea barua, alisimamisha pikipiki yake mbele ya mlango wangu, matope mpaka kwenye nyusi, akaniambia kwamba huko Kabambare umechoka na filamu za watu kupigana mateke na unataka za kucheka. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamwambia arudie maneno hayo mara ya pili. Miaka ishirini na sita nimesimama na kipaza sauti mkononi katika ukumbi wangu wa video hapa karibu na soko, nikiwafasiria watu wa Kasongo filamu za kila nchi, na hakuna aliyewahi kuniomba ushauri. Wanaomba mabomu tu.

Sikiliza basi. Anza na za zamani, zile za Hollywood zisizo na rangi, zilizotengenezwa kabla baba yangu hajazaliwa. Usikunje uso. Nawajua vijana: mkiona nyeusi na nyeupe mnadhani kompyuta imeharibika. Na usianze na zile wanazosema. Anza na za bubu, kwa sababu kuanguka hakuhitaji mfasiri.

Nimekuwekea moja kwenye kadi ya memori. Jina lake la Kiingereza sijui, mimi niliiita Mwalimu wa Maji. Kuna mwanaume mwembamba, suruali imemfupia, anaomba kazi ya kufundisha watoto wa matajiri kuogelea, na yeye mwenyewe anaogopa maji hata ya kwenye beseni. Basi anawafundisha nchi kavu, wamelala juu ya viti wakipiga mikono hewani, mpaka siku wazazi wanapokuja kutazama mtihani. Atakapoanguka utacheka, lakini utamu hauko hapo. Uko kabla yake: mtazame anapogundua kwamba ubao aliosimama juu yake unateleza, na bado anavua kofia kumsalimu mama wa mtoto. Na kila filamu itazame mara mbili. Mara ya pili usimtazame anayefanya vituko, mtazame aliye kando yake.

Bibi yako hukaa karibu mkitazama? Usimwambie kwamba nimeuliza. Alikuja huko kwa miezi mitatu, kumlea mdogo wako Heri alipozaliwa, na sasa nasikia Heri anakimbiza bata. Nyumba hii imekuwa kubwa mno, Safi. Nataka arudi, na sijui kwa nini harudi. Kwenye simu siwezi kuyasema haya, maana mama yako huweka sauti ya juu uwanja mzima ukasikia. Akicheka, niandikie alicheka wapi.

Babu yako,
Bulaimu


Kabambare, tarehe 25 mwezi wa kwanza 2024

Babu, mume wangu mzee,

Kadi ilifika kavu. Bienvenu aliibeba ndani ya soksi, na nimeifuta vizuri kabla ya kuiingiza popote. Papa alitoa kompyuta uani saa tisa mchana, tukaiunganisha kwenye betri ya paneli, tukajifunika kitenge cha Mama wote wanne ili jua lisitunyime picha. Ilikuwa joto kama ndani ya chungu. Dakika tano za kwanza Papa aliuliza mara tatu kwa nini hawasemi. Baadaye akanyamaza, na pale mwalimu anapowalaza watoto kwenye viti, akacheka mpaka kitenge kikatuvuka.

Sasa una kesi hapa, Babu. Heri kila asubuhi analala kifudifudi juu ya kigoda na kupiga mikono. Jana aliogelea hivyo juu ya meza, akaangusha sufuria ya sombe, majani yote ya muhogo chini. Mama alimchapa huku anacheka, na mtoto hakujua alie au acheke.

Bibi alitugeuzia mgongo, ungo wa mchele mapajani. Alisema, "Mi sina macho ya mambo ya watoto." Akachambua mchele, akamaliza, akaumimina kwenye ungo uleule, akaanza tena. Alipoanza mara ya tatu nilijua anatazama kwa pembeni. Na pale mwalimu anapovua kofia ubao ukimteleza, mabega yake yalitikisika. Sauti haikutoka. Umeniuliza wapi, ni hapo.

Nilimuuliza Mama kwa nini Bibi harudi kwako. Akanituma kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa. Tuma nyingine, sasa ya kusema.

Wako,
Safi


Kasongo, tarehe 3 mwezi wa pili 2024

Safi, kipenzi cha mzee,

Mabega! Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Nilitoka nje nikamwambia jirani yangu Antoine, "Mabega yametikisika," naye akaniuliza kama ninaumwa.

Haya, ya kusema. Hii niliiita Bwana Harusi wa Barua. Msichana wa tajiri amemdanganya baba yake kwamba ana mchumba, na siku baba anataka kumwona, msichana anamkamata wa kwanza aliyebisha hodi, mpeleka barua, na mfuko wake bado umejaa barua za mtaa mzima. Katika za namna hii usihangaike kufuata kila neno, wanasema kama mvua kwenye bati. Angalia kwamba hakuna anayemsikiliza mwenzake, kila mmoja anangoja zamu yake. Pale mezani baba anauliza, "Weye kijana, uko mutoto wa nani?" Na mpeleka barua anajibu, "Papa, niko mutoto wa watu wengi, kila nyumba inaningojea." Ukumbi wangu ulikuwa unapasuka hapo!

Wale watu wa zamani wa Hollywood walijua jambo moja. Mwanaume na mwanamke wanagombana tangu mwanzo, kwenye gari, kwenye ngazi, mbele ya mpishi, na wewe mtazamaji unajua kabisa kwamba hawataachana. Wanaoachana ni wale waliokaa kimya. Mimi na bibi yako tuligombana vizuri miaka thelathini na nane. Sasa asubuhi naamka, natafuta wa kuniambia kwamba nimevaa shati la jana, hakuna. Nimejiuliza nilimkosea nini, sipati jibu.

Mketishe mahali ambapo hatalazimika kuangalia kwa pembeni.

Bulaimu


Kabambare, tarehe 18 mwezi wa pili 2024

Babu,

Nina mashtaka mawili.

La kwanza. Filamu yako ina maandishi ya Kifaransa chini. Mimi niko mwaka wa pili wa sekondari, Kifaransa nakisoma. Pale mezani baba anamuuliza kijana kama anapenda farasi, na kijana anajibu kwamba anawapenda siku ya Jumapili tu. Hakuna mtoto wa nani, hakuna kila nyumba inaningojea! Nikarudia kipande kile, nikarudia tena. Babu, wewe hujui Kiingereza. Miaka ishirini na sita! Nilicheka mpaka nikapata kwikwi, na nikuambie ukweli, maneno yako ni matamu kuliko yao. Nilimwambia Bibi. Akasema, "Ule muzee alijua Kiingereza siku gani?" Lakini hakucheka, aliinamisha uso.

La pili. Bienvenu alikula kwetu. Akasema filamu yako kubwa kuliko zote inaitwa Kuku wa Amerika, kwamba mpaka leo Kasongo watu wanaiga yule mama wa ndani yake, na akaanza mwenyewe, mkono kiunoni: "Nilisema ao sikusema?" Mama alimkanyaga mguu chini ya meza, na kwa bahati mbaya mguu mwingine aliokanyaga ulikuwa wangu. Bibi aliweka tonge lake sahanini, akanawa, akaenda kulala saa kumi na mbili jua likiwapo. Bibi yangu haachi chakula hata akiwa na malaria.

Kwa nini hiyo hujanitumia? Kuna nini ndani yake?

Safi


Kasongo, tarehe 27 mwezi wa pili 2024

Mjukuu wangu,

Nimepatikana. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Lakini usidhani ni kazi ya uvivu. Filamu mpya nilikuwa naitazama asubuhi peke yangu, mara tatu, sauti nimeizima, nasoma midomo: huyu ana pumzi ndefu, huyu anameza maneno, huyu anadanganya. Halafu kila mmoja namtafutia sauti ya mtu wa hapa. Polisi alipata sauti ya mwuza nyama wa barabara ya msikiti, tajiri akapata sauti ya mjomba wangu, Mungu amrehemu. Ndiyo maana watu walizielewa filamu zangu. Mmarekani alikuwa akisema kama mtu wanayemjua.

Kuku wa Amerika, hapana. Kadi yake ilikufa. Usiulize tena.

Nimekuwekea nyingine, ya wapiga rangi wawili wanaopaka nyumba isiyo yenyewe kuanzia paa mpaka mbwa. Angalia mbwa.

Bulaimu


Kabambare, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Babu,

Leo sikuiti mume. Mbwa sijamwangalia.

Mama amenieleza yote jana tukitwanga sombe. Filamu ile ni ya mwanaume aliyeshinda ndege mkubwa kwenye bahati nasibu, yule anayeitwa mbuni, wewe ukamwita kuku. Akamficha kwenye chumba cha kuogea. Mke anarudi safari, anasimama sebuleni, mkono kiunoni, anasema dakika kumi bila kupumzika, na mume anaulinda mlango. Na wewe ulipomtafutia huyo mke sauti ya mtu wa hapa, ulimpa ya Bibi. Si sauti tu. Ulimpa maneno ya nyumbani kwenu, jinsi anavyolalamika juu ya viatu vyako, juu ya magoti yake, juu ya kukoroma kwako, na ile "Nilisema ao sikusema?" ambayo ni yake tangu yuko msichana. Ukumbi mzima ukamtambua.

Mama alisema hivi: "Mama yangu alikuwa anauzisha muchele na mafuta ya mawese mu soko kila siku. Mutu anauliza bei, yeye anafungua kinywa, mutu anacheka. Watoto wanamufuata nyuma. Akavumilia. Halafu akaenda ku kilio kwa jirani, akamushika mufiwa mukono, akaanza kusema neno la kumutuliza, na wamama nyuma wakacheka. Ku kilio, Safi! Njo akafunga mizigo yake."

Heri alikuwa kisingizio tu. Nami nilikwenda kwa Bibi nikamuuliza waziwazi kama atarudi Kasongo. Akanijibu: "Mi nikifungua kinywa kule, watu wanacheka mbele sijasema kitu. Nirudi kufanya nini, kuwa bubu?"

Uliniandikia kwamba hujui ulimkosea nini. Ulijua. Mimi ni mke mwenzake, na katika hili niko upande wake.

Safi


Kasongo, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Safi,

Nilijua. Niliona aibu kuliandika kwa mtoto, basi nikaandika uongo, na uongo nao umesafiri kwenye matope kilomita zote hizo kufika kwako. Nisamehe hilo kwanza, dogo, ili nije kwa kubwa.

Siku ile ukumbi ulikuwa na watu saba. Kila mtu ana simu sasa, anatazama peke yake kitandani. Maneno yaliniishia. Nikatazama juu, nikamwona yule mama wa Amerika, mkono kiunoni, kidevu juu, ndiye bibi yako Faridah mtupu. Kinywa kikafunguka chenyewe. Wale saba walianguka kutoka kwenye mabenchi. Kesho yake walikuja arobaini, kesho kutwa hakukuwa na nafasi ya kusimama. Niliicheza mara kumi na moja, Safi. Mara ya kwanza ungeweza kusema ni ajali. Mara kumi zilizobaki nilikuwa najua ni mke wangu ninayemleta pale, na vicheko vilikuwa vitamu, nikavila.

Jioni moja alinikuta ninasuka mkeka. Hakugombana. Aliniuliza tu, "Sasa mi nitasema na nini?" Nikamjibu ni mchezo, mke wangu, usikasirike. Jibu hilo linaniuma mpaka leo kuliko zile mara kumi na moja.

Ningekuja huko mwenyewe. Lakini mwaka jana alimtuma Bienvenu aniambie kwamba nikija, yeye ataendelea mpaka Wamaza kwa dada yake, na nikifika Wamaza ataendelea mbele. Mimi ni mzee, na nchi bado iko ndefu.

Kadi haikufa. Ni hii hapa. Ramadhani imeingia, ukumbi nimeufunga, na nakala nyingine sina. Usiitazame. Mpe bibi yako mkononi. Aivunje, aitupe chooni, ampe Heri aitafune. Filamu hiyo niliivika maneno yake, na ni mali yake.

Bulaimu


Kabambare, tarehe 12 mwezi wa nne 2024

Babu, mume wangu,

Idi njema. Ona, nimekurudishia cheo, ingawa bado kwa majaribio.

Bibi aliipokea kadi, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akafunga nayo mpaka Ramadhani ikaisha. Tulidhani ameitupa. Siku ya Idi, baada ya kula, majirani wamekuja, akafungua pindo mbele ya watu, akanipa. "Weka."

Nikaweka. Mama alitaka kuingia ndani, Bibi akamvuta akamkalisha. Sauti ilikuwa ya Kiingereza chao tu, maana wewe hukurekodi, ulisema kwa kinywa. Yule mama alipoweka mkono kiunoni, Bibi akaniambia nimsomee Kifaransa cha chini. "Anasema nini kweli?" Nikasoma. Babu, yule mama hagombani hata kidogo! Anasimulia safari yake. Treni ilikuwa baridi, chakula cha dada yake hakina chumvi, na kila kituo alitaka kushuka arudi nyumbani kwa mume wake. Dakika kumi anamwambia kwamba amemkumbuka. Na yule mume hasikii hata neno moja, anafikiri juu ya ndege wake.

Bibi alifuta macho kwa pindo lilelile. Kisha akasema, "Ule mama iko na bahati mbaya ya wanaume." Na akacheka! Kwa sauti, mpaka akakohoa! Heri akaanza kupiga makofi bila kujua kwa nini.

Nilidhani imekwisha. Lakini akaniambia, "Rudisha ku mwanzo. Zima sauti. Unirekodi mu simu." Akasimama nyuma ya kompyuta na mwiko mkononi, ndicho kipaza sauti chake. Mwanamke hakumpa hata neno. Akamsemea mwanaume. Na mwanaume alikuwa wewe, Babu. Kikohozi chako kabla ya kusema uongo. "Hapana, mama, kwa kweli, kwa heshima zote." Jinsi unavyowaogopa kuku wa kawaida, seuze wa Amerika. Jinsi unavyojifungia chooni kujifundisha sauti ya jambazi, na watu wanaopita wanakimbia. Jirani yetu mwalimu alilala chini kabisa kwa kicheko. Mama alitoka akiwa ameshika tumbo.

Kadi inarudi kwako, filamu na sauti ya Bibi pamoja. Masharti yake ni haya. Utaicheza ukumbini Jumamosi saa nane mchana. Wamama wa soko wakae mbele na wasilipe. Wewe usiguse kipaza sauti, ukae benchi ya pili katikati, mahali ambapo kila mtu atakuona.

Nilimuuliza, "Akifanya hivyo, utarudi?" Akasema, "Acheze kwanza."

Safi


Kasongo, tarehe 28 mwezi wa nne 2024

Safi,

Nimecheza.

Antoine alizunguka na megafoni ya msikiti, kwa ruhusa, akitangaza kwamba Kuku wa Amerika amerudi na mara hii anafasiri Mama Faridah mwenyewe. Saa saba na nusu watu walikuwa mpaka dirishani. Wamama wa soko walijaza mbele na mabeseni yao. Nikakaa benchi ya pili, katikati, shati safi. Nilifunga na kufungua vifungo kama kijana anayekwenda kuposa.

Kikohozi tu! Alipokohoa kile kikohozi, kabla ya neno lolote, ukumbi ulilipuka, na vichwa mia mbili vikanigeukia. Nikataka kuingia chini ya benchi. Choo, kuku, kila kitu. Mamaye Esther-Divine, anayeuza chumvi, alikuwa ananipiga begani kwa kila neno, bega hili nimelipaka mafuta mpaka leo. Na katikati, Safi, ilinitokea mimi pia. Nilisikia kinywani mwake jinsi ninavyomkatiza kila anapoanza, "ndiyo mama, ndiyo mama," sijui hata ameanza kusema nini. Nilicheka nikalia, vyote pamoja, na watu walidhani nacheka tu.

Ana kipaji kuliko mimi. Haya maneno yameniumiza nusu saa hivi, yakapita. Mimi nilikuwa naazima sauti za watu, yeye anaingia mpaka ndani ya mfuko wa shati lako. Filamu ilipokwisha hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Wamama wote walikuwa wanauliza, "Faridah anarudi siku gani? Tunataka tumusikie tena, yeye mwenyewe." Yule jirani mfiwa alikuja pembeni. Akaniambia, "Umuambie kama siku ile mi nilimusikia. Wengine walicheka, lakini mi nilimusikia."

Jana nilikwenda dukani kununua sabuni. Nikafungua mdomo. Mwenye duka akacheka kabla sijasema kitu. Nilisimama pale na mdomo wazi, na nikamwelewa mke wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliponiuliza swali lake.

Ukurasa wa pili si wako. Mpe yeye, au msomee akiwa peke yake.

Bulaimu

*

Faridah,

Nilichukua maneno yako bila kukuomba, nikawapa watu wayacheke, na uliponiambia umeumia nikakuambia ni mchezo. Nilikosa. Nilikosa mara kumi na moja na mara moja zaidi. Sikuombi urudi kunifulia wala kunipikia, nimejifunza vyote viwili, vibaya. Nakuomba urudi kwa sababu siku ikiisha nina habari na sina wa kumpa. Kama hutaki, nitakubali, na kadi zitaendelea kuja kwa mtoto.

Mume wako kama bado unamtaka,
Bulaimu


Kabambare, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Babu, anayeandika ni Safi lakini anayesema ni Bibi. Ameniambia niandike kila neno kama linavyotoka, nisinyooshe kitu, na amekaa karibu kuhakikisha ingawa miwani yake imevunjika mguu mmoja.

Bulaimu, baba ya watoto wangu,

Barua nimeisikia. Safi aliisoma mara moja, nikamuambia asome tena, halafu nikamufukuza, nikaishika mi peke yangu.

Umesema umekosa. Haukusema "lakini" nyuma yake. Miaka makumi tatu na nane nilikuwa nangojea neno yako moja yenye haiko na lakini. Basi nimekusamehe. Sisamehe na kinywa tu, roho imekuwa mwepesi, hata mutoto ameniuliza juu ya nini naimba asubuhi.

Salamu kwa ule jirani. Umuambie nitaenda kwake siku ya kwanza, mbele sijafungua mizigo.

Sasa usikie kazi. Filamu tutafasiri wawili. Wanawake wote njo wangu. Wewe utatwaa wanaume na nyama za pori. Filamu ikiwa na malaika tutapigana juu yake. Na ya huyu mama wa treni tutaianza upya, atasema yenye alisema kweli, kama alimukumbuka bwana yake. Watu wa Kasongo wanapashwa kulijua hilo.

Mwanamuke mwenye aliondoka kwa bwana hajirudishe yeye mwenyewe kama mbuzi yenye ilipotea. Anafuatwa. Hiyo unaijua, hata wazee wako wanaijua. Bienvenu usimutume. Utakuja wewe, na kitenge moja ya muzuri, utakaa mbele ya mukwe wako uombe kwa adabu. Wamaza sitaenda. Utanikuta hapa.

Halafu tutarudi. Kutoka hapa mpaka Kasongo ni siku nzima, na kama mvua imekata njia ni siku mbili. Niko na habari ya mwaka moja na nusu, nitaisema yote. Wewe utasikia. Hautasema "ndiyo mama." Na usitafsiri hata neno moja.

Muke wako,
Faridah